Breli kwa Kompyuta: Safari ya Waraka Hadi Mikononi mwa Asiyeona

Kila mwaka, kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa, wakazi hualikwa katika wadi zao kutoa maoni. Anayeona hupewa nakala, akaipekua hadi penye wadi yake, kisha akauliza kwa nini zahanati imetengewa kiasi hiki na barabara kiasi kile. Asiyeona asipopata nakala ya breli hutegemea jirani amsomee, na huondoka akijua yale tu ambayo jirani alipata nafasi ya kuyasoma.

Hilo silo lililokusudiwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 35 nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kompyuta imeifanya kazi ya kutoa nakala za breli kuwa nyepesi kuliko zamani, lakini si kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Inahitaji faili safi, msomaji wa breli wa kuihakiki, na muda.

Nukta sita

Breli ilibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, aliyechapisha mfumo wake mwaka wa 1829. Kila alama huundwa kwa nukta zisizozidi sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu, zilizoinuka ili kidole kizihisi. Herufi a ni nukta ya kwanza peke yake. B ni ya kwanza na ya pili. Tarakimu hazina alama zake: herufi a hadi j hutumika, zikitanguliwa na alama ya nambari. Alama hiyo ikisahaulika, 15 inasomeka kama "ae". Katika bajeti, kosa kama hilo si dogo.

Kwa miaka mingi breli imechapwa kwa mashine ya Perkins, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1951 na ambayo bado ni rafiki wa wanafunzi wengi. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Anayetaka nakala kumi kwa mashine hiyo huchapa waraka mara kumi. Kwa kompyuta, waraka hutayarishwa mara moja na kuchapishwa kila unapohitajika.

Kutoka faili hadi karatasi

Hatua ya kwanza ni faili. Kinachofaa ni waraka uliochapwa kwa Word au programu kama hiyo, vichwa vyake vikiwa vimewekwa kwa mitindo ya programu yenyewe, si kwa kukoleza wino tu. Waraka uliopigwa muhuri, ukaskaniwa na kuhifadhiwa kama picha hauna herufi ambazo programu ya breli inaweza kuzisoma. Hulazimu kuupitisha kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha kusahihisha neno kwa neno.

Hatua ya pili ni kugeuza maandishi kuwa breli. Duxbury ni programu ya kulipiwa inayotumika sana. BrailleBlaster, ya shirika la American Printing House la Marekani, hutolewa bila malipo. Ipo pia Liblouis, ya bure, inayotumiwa ndani ya programu nyingine, na ina kanuni za breli ya Kiswahili cha Kenya.

Hapa ndipo penye mtego. Breli ya Kiingereza ya ufupisho ina alama moja kwa "and", moja kwa "the" na moja kwa "of". Afisa akisahau kubadilisha lugha, programu itaingiza alama hizo ndani ya "andika", "thelathini" na "ofisi". Kwenye skrini hakuna kitakachoonekana kibaya kwa asiyejua breli, lakini msomaji atakwama kila mstari. Lugha ichaguliwe kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Ukurasa wa kawaida wa breli huwa na mistari 25, kila mmoja nafasi 40. Kiasi kama 120,000,000 huchukua nafasi 12 pamoja na alama ya nambari. Viasi vitatu vya aina hiyo hujaza mstari, na jina la wadi halijaandikwa. Kwa hivyo jedwali pana huvunjwa na kuandikwa kama orodha: jina la wadi, kisha mradi, kisha kiasi. Ramani na picha huelezwa kwa maneno.

Hatua ya nne ni uhakiki, na hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Nakala moja hutolewa na kusomwa kwa vidole na mtu anayeijua breli, huku mwingine akifuatilia waraka wa asili. Hapo ndipo tarakimu iliyopotea hugunduliwa.

Mwisho ni printa ya breli, ambayo haitumii wino bali hugonga nukta kwenye karatasi nene. Ina kelele, hivyo huwekwa kwenye chumba chake. Ukurasa mmoja wa A4 uliojaa unaweza kuzaa kurasa tatu za breli. Waraka wa kurasa 60 ukafika 180. Nakala zisirundikiwe mizigo, kwani nukta zikilala, maandishi yamefutika.

Muda ndio unaoamua

Wapo wanaosema simu sasa husoma kwa sauti, breli ya nini? Sauti inasaidia wengi, hasa waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani bila kujifunza breli. Lakini asiyeona wala kusikia haisikii simu. Na anayetaka kulinganisha viasi viwili vya fedha huhitaji kuviweka chini ya vidole vyake na kuvirudia mwenyewe.

Kwa idara, somo ni kukabidhi faili ya breli pamoja na ile ya wino, siyo usiku wa kuamkia kikao. Kwa mkazi, ni kumjulisha msimamizi wa wadi mapema kwamba unahitaji breli, na kwa lugha gani. Nakala inayofika baada ya maoni kufungwa ni kumbukumbu tu. Haimsaidii mtu kuuliza habari za zahanati yake.