Fuawe ya Mtumba na Gololi Mfukoni

Fuawe ya kwanza niliyonunua ilimeremeta kama kioo. Muuzaji alikuwa ameipitisha grainda usoni, akapaka ubavu rangi nyeusi, nami nikalipa bila kubishana sana. Haikupita wiki mbili, kila nyundo iliyoteleza ikawa inaacha kishimo. Yule bwana alikuwa amesaga na kutupa kitu kilekile nilichokuwa nakinunua.

Fuawe nyingi za zamani za Kiingereza si chuma cha aina moja. Kiwiliwili ni chuma laini kilichofuliwa, na juu yake likaunganishwa kwa moto na nyundo bamba la chuma cha pua lililotiwa ugumu, unene wake kama milimita 12 hivi. Mhunzi ananunua bamba hilo. Kilichobaki ni uzito wa kulibeba. Ndiyo maana siku hizi naiogopa fuawe safi kuliko yenye kutu. Kutu ya juujuu huondoka yenyewe kwa siku chache za kazi, lakini bamba lililosagwa halirudi.

Kipimo changu hukaa mfukoni: gololi ya beringi, kubwa kidogo kuliko ya kuchezea watoto. Simamisha rula usoni mwa fuawe, iachie gololi kutoka sentimita 25, uangalie inaporuka inafika wapi. Ikirudi hadi sentimita 18, uso una ugumu wa kutosha. Iliyo nzuri hasa hupita 20. Ikiishia nusu, hicho ni chuma chakavu, na bei iwe ya chuma chakavu. Afadhali basi ufanye kama mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofulia juu ya kipande cha reli. Reli ni chuma kigumu, na ukiisimamisha wima ugonge kwenye ncha yake, uzito wote unakuwa chini ya nyundo.

Usidondoshe gololi mara moja ukaridhika. Tembea nayo kutoka kisigino mpaka karibu na pembe, kingo zote mbili. Mahali inapochoka ghafla, ama bamba limeachana na kiwiliwili, ama kuna mtu aliyejazia kwa kuchomelea bila kujali joto linavyoua ugumu. Kile kidaraja kidogo kabla ya pembe kisikutie wasiwasi: kimeachwa laini makusudi, ili tindo ikipenya chuma isivunjike makali.

Wengi hutegemea mlio. Wanagonga kwa nyundo ndogo kama mama anayechagua chungu sokoni, na kwa kusaka ufa ni njia nzuri: fuawe ya kufuliwa inayokwaruza sauti badala ya kulia kama kengele ina jambo, tafuta kwa tochi kiunoni na kwenye shina la pembe. Lakini mlio una vigeugeu vyake. Fuawe iliyolala kwenye udongo hunyamaza, iliyofungwa mnyororo pia. Na zipo za Fisher, zilizotengenezwa Trenton, New Jersey, zenye mwili wa chuma cha kumimina na uso wa pua. Hizo ukizigonga husema "du" tu, na bado ni fuawe bora kabisa. Sikio liulize, gololi ijibu.

Iliyowahi kuungua pamoja na jengo ni msiba mwingine, kwa kuwa moto mkubwa hulegeza uso ambao macho hayauoni umelegea. Jaribu tupa kwenye ukingo: ikila kama inavyokula msumari, achana nayo.

Kingo zilizomeguka hazinisumbui, mradi ibaki sehemu nzima ya urefu wa kiganja. Mimi hata zilizo kali huziviringa kidogo kwa makusudi, maana kona kali huchora mkato kwenye chuma chenye moto. Uso uliobonyea milimita 2 au 3 katikati ni mzuri kwa kunyoosha vyuma.

Halafu kuna namba. Siku moja nilikuta fuawe ya Peter Wright, ya Dudley huko Uingereza, ubavuni imechongwa 1 2 10. Muuzaji akaniapia kwamba ni ya mwaka 1210. Nikamweleza ni uzito wa Kiingereza: namba ya kwanza zidisha kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Ndiyo maana ya kati haizidi 3, na ya mwisho haifiki 28. Jumla ratili 178, karibu kilo 81. Hakuamini. Tukaibeba watu wawili mpaka kwenye mizani ya vyuma chakavu, mshale ukasimama palepale nilipopataja, naye akapandisha bei.