Simu Inapomfuata Mgonjwa wa Saratani ya Damu

Mei 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachokizima kimeng'enya kinachofanya chembe za damu zizaliane ovyo katika lukemia sugu ya mieloidi. Mgonjwa akarudi nyumbani na kopo lake la dawa. Kazi kubwa ya matibabu nayo ikahamia huko huko, mbali na macho ya daktari.

Mwaka 2010, madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 87 waliomeza imatinib. Vifuniko vya makopo yao viliwekewa chipu iliyorekodi kila kopo lilipofunguliwa, kwa miezi 3. Zaidi ya robo walimeza asilimia 90 ya dozi au pungufu, yaani waliruka kama siku 3 au zaidi kwa mwezi. Kwao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango kinachotakiwa ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 28.4. Kwa wenzao ulikuwa 94.5.

Baadhi yao walipohojiwa, wapo waliosema walisahau tu. Wengine waliruka makusudi, wapumzike na maudhi ya dawa.

Hapo ndipo panapomhitaji mshauri wa afya kwa njia ya simu. Huyu si daktari na habadilishi dozi. Kidonge kikichafua tumbo, anakumbusha kimezwe na chakula na glasi kubwa ya maji. Misuli ikikaza usiku au macho yakivimba, analifikisha tatizo hilo kwa daktari kabla mgonjwa hajajiamulia kuacha. Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kimejaribu ushauri kwa njia ya simu kwa wagonjwa wa mieloma (saratani nyingine ya damu) wanaopandikizwa seli shina.

Wala ushauri huu hauhitaji simu ya bei mbaya. Nchini Kenya, utafiti mwingine wa 2010 uliwahusu watumiaji wa ARV, dawa za VVU. Kila wiki kliniki iliwatumia meseji: "Mambo?" Wakajibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida akapigiwa simu. Waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa. VVU si lukemia, lakini kidonge cha kila siku ni kile kile. Programu ya simu inayolia kengele tu huzimwa kwa kidole. Mtu anayengoja jibu hazimwi kirahisi hivyo.

Meseji ina mpaka wake, hata hivyo. Mgonjwa wa saratani anayepata tibakemikali, joto la mwili likifika nyuzi 38, asingoje kujibiwa na mshauri. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.