Umeme wa Nchi Kavu Uingiapo Chomboni

Mwalimu mmoja wa Zagayu, ambaye nduguze huvua dagaa katika Ziwa Victoria upande wa Busega, ametuuliza hivi: "Nyumbani kwetu fundi ametia umeme, nasi twalala salama. Je, haifai ndugu zangu wavute waya vivyo hivyo kutoka ufukoni hata chomboni, wapate taa na kuchaji betri zao?" Swali hili ni jema, nasi twapenda kulijibu mbele ya wasomaji wetu wote.

Yafaa, lakini si vivyo hivyo. Chombo chenye jenereta, kifungwapo gatini, chaweza kuizima na kupokea umeme wa nchi kavu, ambao katika Tanzania ni wa volti 230. Ndipo kelele na moshi hukoma, na mafuta hayapotei bure. Lakini umeme uwashao taa ndio huo huo uuao.

Sababu ni hii. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo hayapitishi umeme vizuri. Bali mwili wa mtu una chumvi ndani yake. Waya ukichubuka na umeme ukavuja majini, mwogeleaji huwa njia nyepesi ya kupitia. Misuli yake hukaza, asiweze kuogelea wala kupiga kelele, akazama. Watu husema kwamba maji yamemshinda, kumbe ni waya.

Kwa hiyo fundi mjuzi hana budi kuyatimiza mambo haya. Kwanza, waya uwe mnene, wa mpira, usio na kiungo njiani, wala usining'inie majini. Pili, uwemo waya wa tatu, wa kijani na manjano, upelekao ardhini umeme uliopotea. Tatu, iwekwe ufukoni swichi ya kinga, ikatayo yenyewe upesi umeme ukivuja hata miliampia 30. Nayo ina kifungo cha kuijaribia. Nne, iwepo swichi ya kuchagua, ili umeme wa nchi kavu usikutane kamwe na ule wa jenereta.

Wakati wa kuunga, zimeni swichi ya ufukoni, chomekeni kwanza chomboni, kisha ufukoni, ndipo muwashe. Wakati wa kuondoa, zimeni, mchomoe kwanza ufukoni.

Watoto wasiogelee karibu na chombo kilichoungwa. Mkimwona mtu ameshikwa na umeme majini, msijitose. Kateni umeme kwanza, kisha mtupieni kamba au kitu kieleacho.

Kwa mtumbwi mdogo, ndugu Mwalimu, shauri letu ni moja: betri zichajiwe nchi kavu, kisha zichukuliwe chomboni zikiwa zimejaa. Taa za volti 12 zatosha kwa dagaa, na waya wa volti 230 hautagusa maji kabisa. Tahadhari kabla ya hatari.