Bendi Ndani ya Kinanda au Ndani ya Kompyuta?

Juma hili nataka tuzungumzie swali linalowasumbua watu wengi wapendao kupiga kinanda nyumbani. Mtu amedunduliza fedha zake kidogo kidogo. Je, anunue kinanda kinachojisindikiza chenyewe, au atafute programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo hiyo? Ukimwuliza mwenye duka la ala za muziki, atakuambia ununue kinanda, maana ndicho anachouza. Ukimwuliza kijana wa kompyuta, atakuambia kinanda kimepitwa na wakati. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Na anayeumia ni mnunuzi, ambaye hugundua baada ya miezi miwili kwamba chombo alicholipia si kile alichokihitaji.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya kujisindikiza. Mpigaji hubonyeza kodi kwa mkono wa kushoto. Sisemi kodi ile ya serikali, bali noti tatu au nne zinazobonyezwa kwa pamoja. Chombo huitambua kodi hiyo, na papo hapo ngoma, besi na gitaa huanza kupiga kwa kuifuata. Mkono wa kulia hubaki na kazi ya kupiga wimbo wenyewe. Hivyo mtu mmoja huwa bendi nzima.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilitoa chombo kiitwacho Sideman, ambacho kilipiga midundo kwa kisahani kilichozungushwa na mota. Katika miaka ya 1970 organi za nyumbani zilianza kusindikiza kwa besi na kodi, na miaka ya 1980 viwanda vya Japani, kama Yamaha na Casio, vikapunguza ukubwa na bei hadi chombo kikaweza kubebwa kwapani. Kompyuta nayo haikuchelewa. Mwaka 1983 ulipatikana utaratibu uitwao MIDI, unaowezesha vinanda na kompyuta za viwanda mbalimbali kuelewana, na mwaka 1990 kampuni ya PG Music ya Kanada ikatoa programu ya Band-in-a-Box. Kwa hiyo ushindani huu una zaidi ya miaka 30.

Ndani ya vyombo vyote viwili mna kitu kinachoitwa staili. Staili ni mkusanyiko wa vipande vifupi vya muziki: kipande cha kuanzia, vipande vya kuimbia, vya kuunganisha na cha kumalizia. Mara nyingi fundi wa kiwandani huvirekodi kwa kodi moja tu, tuseme ya Do. Wewe ukibonyeza Fa, chombo huhamisha noti zote zifuate Fa. Ukibonyeza kodi ya maina, chombo hushusha noti ya tatu kwa nusu sauti. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo kinanda na kompyuta huijua sawasawa. Basi tofauti yao tuitafute kwingine.

Tofauti ya kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Kinanda kimeundwa kwa kazi moja, na ukibonyeza kitufe sauti hutoka pale pale. Kompyuta ina kazi nyingi, hivyo hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa. Kwa kawaida kila sekunde moja ya sauti hugawanywa katika sampuli 44,100. Fungu la sampuli 256 huchukua karibu milisekunde 6, na hakuna atakayelihisi. Lakini fungu la sampuli 2,048 huchukua karibu milisekunde 46. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kama meta 340 kwa sekunde, hapo ni sawa na kupiga kinanda huku spika yako ikiwa meta 16 mbali nawe. Vidole vitakuwa mbele, muziki nyuma. Dawa yake ipo: kiunganishi cha sauti cha nje pamoja na programu-endeshi iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki, kama ile ya ASIO. Lakini hiyo ni gharama nyingine. Na wote wawili, wa kinanda na wa kompyuta, wajihadhari na spika za Bluetooth, maana nazo huchelewesha sauti. Kwa kupiga muziki, tumia waya.

Tofauti ya pili ni kutegemewa. Kinanda unakiwasha, unasubiri kidogo, unapiga. Vinanda vingi vidogo vya kujifunzia hutumia hata betri sita, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya pambio, kwaya haikatiki. Tahadhari lakini: vile vikubwa vya ngazi ya juu havina nafasi ya betri, vinategemea umeme tu. Kompyuta ya mapajani nayo ina betri yake, ila inaweza kuamua kujisasisha wakati bibi harusi anaingia ukumbini. Tena inataka mezani kinanda cha MIDI, waya, kiunganishi na spika, na kila kiungo ni mahali pengine pa kuharibika.

Tofauti ya tatu ni umri. Kinanda kilichonunuliwa miaka 20 iliyopita, kama hakikuangushwa wala kuingiwa na maji, leo kinapiga vile vile kilivyopiga siku ya kwanza. Kitakachokusumbua ni mipira iliyo chini ya vitufe, ambayo huchakaa au kuingia vumbi, na pengine mahali pa kuingizia disketi, ambazo siku hizi ni adimu. Programu huzeeka kwa namna nyingine. Haichakai, ila nyumba inayoishi ndiyo hubomolewa. Windows 7 iliacha kuhudumiwa Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Toleo la Mac la mwaka 2019 lilikataa kabisa programu za zamani za biti 32. Mwenye programu ambayo mtengenezaji wake ameiacha hujikuta akitunza kompyuta kuukuu kwa ajili yake tu.

Mpaka hapa mtaona kama ninakipigia debe kinanda. La hasha. Tugeukie upande wa pili wa shilingi.

Sauti za kinanda ni zile ulizonunua siku ile. Vichache, hasa vya bei ya juu, huruhusu kuongezewa sauti mpya. Kompyuta haina mpaka huo. Leo unaweka sauti za piano, kesho za fidla, na programu kama Band-in-a-Box ina hata vipande vilivyopigwa na wanamuziki halisi, ambavyo huvipanga kwa kufuata kodi ulizoziandika. Hapa ndipo wengi hukosea. Programu za usindikizaji ni za aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo kazi kuu ya Band-in-a-Box, unaandika kodi za wimbo mzima kwanza, kisha yenyewe inakutengenezea muziki. Hiyo inafaa sana kwa mazoezi, kwa kutunga na kwa kurekodi. Ya pili, kama vile vArranger, husikiliza mkono wako wa kushoto pale pale, kama kinanda kifanyavyo, na inaweza kusoma staili zilizotoka kwenye vinanda vya viwanda mbalimbali. Mtu wa harusini akinunua ya aina ya kwanza atalia, maana mwimbaji akirudia beti ghafula, programu haitajua.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize utakuwa unafanya nini. Kama unapiga mbele ya watu, kanisani, ukumbini au kwenye sherehe ya jirani, nunua kinanda. Kama unakaa chumbani usiku, unatunga, unafuta, unarekodi, na kompyuta nzuri unayo tayari, programu itakupa mengi zaidi kwa fedha ile ile. Na kwa mtoto anayejifunza, kinanda cha kawaida chenye vitufe 61 kinatosha. Ila msimwachie kile kitufe cha kupata kodi nzima kwa kidole kimoja. Atapiga nyimbo kumi kwa juma moja, lakini mkono wake wa kushoto hautajifunza neno.

Lakini lipo jambo moja ambalo wauzaji wa pande zote mbili hawalisemi, nalo kwangu ndilo kubwa. Staili hizo zimetungwa na nani, na kwa ajili ya nani? Utakuta wolzi, bosanova, pop na roki kwa makumi. Chakacha, yenye mwendo wake wa sita kwa nane, utaitafuta bila kuiona. Mpigaji asiyejua namna ya kuibadilisha staili huchukua ile inayokaribia, na wimbo wa harusi ya Pwani hupigwa kwa mdundo wa Amerika ya Kusini. Ukiendelea hivyo miaka kumi, watoto watadhani wimbo ule ulizaliwa hivyo.

Kwa hiyo sehemu ya kutungia staili itazame kwa makini kuliko idadi ya staili zilizomo. Kinanda cha PSR-SX900 cha Yamaha, kilichotoka mwaka 2019, kina staili 525, lakini thamani yake kwa mpigaji wetu ni kwamba anaweza kurekodi ya 526 kwa mkono wake mwenyewe. Vinanda vya bei ya chini mara nyingi havina sehemu hiyo. Programu nyingi za kompyuta zinayo. Na kwa watu wa taarabu, ulizeni pia kama vitufe vinaweza kupandishwa na kushushwa kimoja kimoja. Nusu sauti moja ina senti 100. Ukiweza kushusha kitufe kwa senti 50, umeipata robo sauti inayohitajika katika mahadhi yenye asili ya Kiarabu. Yamaha na Korg wana vinanda vilivyotengenezwa mahususi kwa muziki wa namna hiyo.

Ukienda dukani, nenda na wimbo wako mmoja unaoujua barabara. Usimwache muuzaji akuonyeshe onyesho lililorekodiwa kiwandani, kwa maana hilo hupendeza siku zote. Kaa, upige wimbo wako mwenyewe, badilisha kodi haraka haraka, usikilize kama besi inakufuata. Kama kinanda kimetumika, bonyeza kila kitufe, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu na polepole. Kama ni programu, omba toleo la majaribio na ulitumie kwenye kompyuta yako, wala si ya muuzaji. Mwisho, mwombe akuonyeshe namna ya kutengeneza mdundo mpya. Akishindwa kukuonyesha, usilipe siku hiyo.