Kutia Mafuta Puani Kutibu Kifua: Hukumu Yake Na Tahadhari Kwa Watoto

SWALI:

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzazi, naishi Buganguzi, Muleba. Mwanangu wa miezi minane anasumbuliwa na kifua. Nimeshauriwa nimtie puani matone ya mafuta ya ufuta, tiba ya Kihindi. Wengine wanasema akatwe kimeo. Je, inafaa?

JAWABU:

Wa alaykumus salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Allaah Amponye mwanao.

Tiba haiwi haramu kwa kuwa imetoka India. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitumia dawa ya puani, kama alivyopokea Ibn 'Abbaas katika Swahiyh al-Bukhaariy. Na Ummu Qays alipomleta mwanawe aliyebinywa koo kwa maradhi ya koo, Mtume alikemea kitendo kile, akaelekeza udi wa Kihindi utiwe puani. Kinachoharamishwa ni tiba inayochanganywa na kumuomba asiyekuwa Allaah.

Hadithi hiyo inathibitisha ruhusa. Haikuweka mafuta kuwa dawa ya kila mtoto. Dawa hufuata umri, maradhi na kipimo.

Mtu mzima akitia tone moja au mawili ya mafuta safi, huenda pua iliyokauka ikalainika. Lakini hayo si tiba ya pumu wala nimonia. Kwa mtoto mchanga ni hatari: mafuta huteleza hadi mapafuni bila kumkohoza, na mapafu hayawezi kuyaondoa kwa urahisi, yakaleta nimonia. Samli na mafuta ya habbat sauda ni vivyo hivyo. Pua ikiziba, mtumieni matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, na mwekeni mbali na moshi wa kuni.

Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Huleta kuvuja damu na pepopunda. Mtume alikataza madhara, na mtoto ni amana.

Akipumua haraka, mbavu zikibonyea au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kumpeleka hakupingani na kumtegemea Allaah.

Faida kwa familia zetu za Unguja na Pemba: katika madhehebu ya Shaafi'iy, mwenye kufunga akitia dawa puani kwa kusudi ikafika ndani, swaumu yake imebatilika, naye atalipa siku hiyo.

Wa Allaahu A'lam.