Je, Wajua? Ndoa ya Baba Yake Obama

Mwaka 1958 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wanaafiki ndoa kati ya Mzungu na Mweusi. Waliosema ndiyo? Asilimia 4. Naam, watu wanne katika mia! Miaka mitatu baadaye, mwanafunzi Mweusi kutoka Kenya, Barack Obama (baba), alimwoa Mmarekani Mzungu, Ann Dunham, huko Hawaii. Lau wangeishi Virginia, ndoa hiyo ingeweza kuwapeleka jela. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta sheria zilizokataza ndoa kama hizo mwaka 1967, ila mioyo ya watu haikwenda kasi hiyo: mwaka 1968 walioafiki walikuwa asilimia 20 tu. Mwaka 2021 walifika 94. Kufikia hapo, mtoto wa ndoa ile, Barack Obama, alikwisha kuwa rais wa Marekani kwa vipindi viwili.