Vidole Viko Simuni, Sikio Liko Wapi?

Mwanzo wa wimbo haumsumbui mtu. Unashika kodi ya D (kodi ya gitaa, siyo ile inayolipwa mamlaka ya mapato, ZRA), mkono wa kulia unacharaza, na kidole cha mwisho kinagusa uzi wa kwanza kwenye freti ya tatu kisha kinaondoka. Kinagusa, kinaondoka. Hata mwenye wiki mbili tu na gitaa anaweza kuupata mwanzo huo wa "Crazy Little Thing Called Love" na kujiona bingwa. Kasheshe huja mwishoni mwa ubeti, pale inapotakiwa kodi ya B-flati. Hapo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi kwenye freti ya kwanza kabisa, vingine vitatu vijipange mbele yake, na yote hayo yafanyike kabla pigo halijapita. Kinachotoka siku za mwanzo ni mlio wa bawaba iliyokosa mafuta.

Mwanafunzi wetu tumweke Wingwi. Ni wa mfano tu, asitafutwe. Wingwi iko kaskazini ya Pemba, Wilaya ya Micheweni, kwa watu wa bahari na jembe, na wanawake wanaoshuka ufukweni kulima mwani maji yakitoka. Si mahali pa kwenda kuulizia duka la magitaa. Chuo cha muziki kinachojulikana zaidi visiwani, Dhow Countries Music Academy, yaani DCMA, kilianzishwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, Unguja. Kukifikia, kijana wa Wingwi apande gari ashuke kisiwa kizima mpaka bandari ya Mkoani, huko kusini kabisa, kisha apande boti. Kwa hiyo mwalimu wake ni simu, na darasa hufunguliwa bando likiwepo.

Kwa nini wimbo huu na si mwingine? Kwanza kwa sababu aliyeutunga ni mzaliwa wa hapa hapa visiwani. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Baba alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964 alikuwa na umri wa miaka 17, na familia ikahamia Uingereza, ikatua Feltham, pembezoni mwa London. Zanzibar kwenyewe jina lake limekuwa likipokewa kwa mikono miwili tofauti: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na wanaharakati wa dini ikafutwa, na mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani.

Sababu ya pili inamhusu zaidi mwanafunzi. Mercury alikuwa mtu wa piano. Gitaa alilijua juu juu, na hakuficha. Wimbo huu aliutunga mwaka 1979 hotelini mjini Munich, Ujerumani, wakati kundi la Queen lilipokwenda kurekodi katika studio za Musicland. Alisimulia baadaye kwamba ulimchukua dakika tano au kumi, na kwamba uchache wa kodi alizozijua ulimsaidia, maana hakuwa na pa kutanga. Ndiyo maana wimbo umesimama juu ya D, G na C, na nyingine chache za kupita. Ni kazi ya mtu aliyekuwa karibu mwanafunzi mwenyewe, na bado ilifika namba moja Marekani mapema mwaka 1980, mara ya kwanza kwa Queen kufika hapo.

Habari hiyo ina faraja kubwa kwa mwenye kidole kilichovimba.

Sasa tuangalie darasa lenyewe. Mwalimu wa intaneti wa aina hii si mgeni tena. Justin Sandercoe, Mwaustralia kutoka Tasmania, alianza kuweka masomo yake ya bure mtandaoni mwaka 2003, miaka miwili kabla YouTube haijazaliwa, na walimu wa namna yake sasa hawahesabiki. Kilichochelewa ni njia ya kuwafikisha pwani yetu. Mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM uliotua Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy uliofuata mwaka 2010, ndiyo iliyofanya video iache kuwa anasa ya wachache. Mwaka huo huo wa 2010 Pemba ilipata umeme wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka ya kutegemea majenereta. Somo la gitaa linalofika Wingwi limekuja kwa njia ya maji, kama mchele na saruji.

Faida ya video inaeleweka vizuri zaidi kwa aliyejua shida ya kabla yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikutana na kijana akipiga gitaa huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana alikuwa Jean-Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ulisafiri kwa sahani za santuri mpaka Nairobi, na kuvuka mipaka ya Afrika. Kila aliyeusikia alijiuliza swali moja: mtu mmoja anapigaje kama wawili? Msomi David Rycroft alikaa na santuri zile akaziandika nota kwa nota, na kazi yake ikachapishwa katika jarida mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpiga gitaa wa Uingereza, John Low, hakutosheka na sahani. Akafunga safari mpaka Katanga kwenda kuviona vidole kwa macho yake, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha safari hiyo, Shaba Diary.

Safari yote hiyo, kwa ajili ya kuviona vidole tu! Leo vidole hivyo mtu anavikuza kwa kutanua skrini. Tena anaweza kuvichelewesha. Zamani ukiizungusha santuri nusu ya mwendo wake, sauti nayo ilishuka oktavu nzima, gitaa likanguruma kama besi. Simu hupunguza mwendo na kuiacha sauti pale pale. Wimbo huu wa Mercury unakwenda kwa mapigo takriban 154 kwa dakika. Ukiushusha nusu unabaki 77, mwendo ambao hata mwenye kidole kizito anaumudu.

Ila kuna gharama ya kutazama. Bando likikaribia kuisha, kijana hushusha ubora wa picha mpaka 144p, na hapo vidole vya mwalimu vinageuka uji. Kidole kimegusa uzi wa pili au wa tatu? Hajui. Dawa yake ni ya kizamani: anaitafuta video hiyo hiyo mahali penye mtandao wa nguvu, anaipakua mara moja, anaitazama mwezi mzima.

Na gitaa je? Hewa ya bahari haina urafiki na nyuzi za chuma. Chumvi na unyevu huzipiga kutu, sauti ikafifia, na wa kukatika aghalabu ni uzi mwembamba wa kwanza, ule ule unaobeba utamu wa mwanzo wa wimbo. Mwenye akili hupangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila anapomaliza kupiga na huagiza seti ya akiba kutoka Unguja. Anayeona gitaa la dukani ni ghali akumbuke kwamba Brian May, mpiga solo wa Queen, alianza mwaka 1963 kujitengenezea lake nyumbani akiwa na baba yake, shingo wakaichonga kwa ubao wa meko ya zamani, na mpaka leo hulicharaza kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Watoto wa Afrika Mashariki waliofunga mishipi ya kuvulia juu ya kopo la mafuta wako katika ukoo mmoja na May, ambaye pia ni daktari wa fizikia ya nyota.

Kidole kitazoea. Kitafanya sugu, na B-flati itatoka safi. Tatizo linalobaki ni gumu zaidi, nalo ni kwamba mwalimu wa simu anaonekana lakini yeye hasikii. Ziko programu za kutuni zinazosikiliza uzi mmoja mmoja, na ziko nyingine, kama Yousician ya Finland, zinazohesabu nota ulizopatia. Lakini wimbo huu uliigiza makusudi roki ya miaka ya 1950, ya akina Elvis Presley, na roki ile inabembea: pigo moja refu, la pili fupi, refu, fupi. Ukizipiga zote sawa, kodi zitakuwa sahihi, mashine itakupongeza, na wimbo utakuwa umekufa mikononi mwako.

Hapo Wingwi haiko nyuma kama mtu anavyodhani. Pemba ni kisiwa cha msewe, ngoma ambayo wachezaji hufunga njuga za ukindu miguuni na mguu wenyewe ndio unaoshika wakati. Ni kisiwa cha kasida na dufu pia, ambako aliyekosea pigo anajulikana papo hapo kwa jicho la jirani yake. Mtu aliyekulia katika mapigo hayo ana sikio ambalo programu haina. Mzee aliyekaa barazani huenda hajawahi kusikia jina la Queen, na huenda hapendi magitaa kabisa; lakini akiguna mahali ambapo mwendo umepinda, kuguna kule ni somo. Vijana wengi wanaojifunza peke yao wamejifungia chumbani na simu, wakiona haya, kumbe wanachokikosa kiko nje ya mlango. (Baada ya isha na kwa sauti ya chini, ni kweli. Mwezi wa Ramadhani gitaa lipumzike ukutani, nyumba ibaki na amani.)

Inabaki solo. Katika rekodi May aliipiga kwa gitaa la Telecaster la Roger Taylor, mpiga ngoma wa kundi, akaliacha kando lile la meko. Ni fupi, kali, na inamtisha kila anayeanza. Mwanafunzi wa Wingwi aitafute video ya Queen katika tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985, aangalie mikono ya mtunzi mwenyewe. Mercury amevaa gitaa, anacharaza rizimu, kodi zile zile chache, na solo inapofika anamwachia mwenzake.

Solo na isubiri bando la mwezi ujao.